Nyeusi Iliyotoka Damu ya Mzee

Mmeniomba niandike habari za kazi kabla sijazisahau. Sijazisahau. Magoti ndiyo yamekataa kusimama, basi nimeacha kazi. Naandika kwa ajili yenu mliobaki studio, ninyi mnaopiga picha sasa hivi na kuiona sasa hivi. Nilisoma mpaka darasa la nne kule Mlali, kwa hiyo anayetafuta makosa ya herufi ataondoka ameshiba. Habari za vyeo siandiki. Studio ilikuwa na watu wawili, Bosi na mimi, cheo kingetoka wapi.

Nilianza wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yalipoanza kujaa tena vitu ambavyo watoto wangu walikuwa wanavisikia tu. Bosi alikuwa Mhindi wa hapa hapa Morogoro, babu yake ndiye aliyekuja. Miaka yote alikuwa anapiga picha nyeusi na nyeupe, paspoti nyingi na maiti wachache. Mara filimu za rangi zikaingia, taa za flashi zikaja kwenye masanduku yenye majani makavu ndani, na wateja wote wakataka rangi. Bosi akahitaji mtu wa kushika taa na kuwaweka wanawake vizuri kilemba na shingo ya gauni, maana yeye hakutaka kumgusa mke wa mtu. Mke wake akanipendekeza. Nilikuwa namuuzia mchicha.

Siku ya kwanza alinirudisha nyumbani. Nilikuwa nimevaa kanga nyekundu, mpya, niliyoiweka kwa siku kama hiyo. Alinisimamisha kando ya mteja, akafyatua taa, akaniambia niangalie shavu la yule mteja upande wangu. Nikasema sioni kitu.

"Wewe huoni, filimu inaona," akasema. "Kanga yako inampaka huyu baba rangi ya mdomo mpaka sikioni. Nenda vaa kitu ya majivu."

Tangu hapo nimefanya kazi na gauni la kijivu. Majirani zangu wa Mafiga wakadhani nimeingia utawa, nami sikuwasahihisha, kwa sababu walipunguza kuniletea umbea.

Ukuta wa studio nao ulikuwa wa kijani, rangi ya mafuta, ile ya zahanati. Kwenye nyeusi na nyeupe haukumsumbua mtu. Kwenye rangi, flashi ilipiga ukutani ikarudi kwenye nyuso, na maharusi wakatoka kama wameamka na malaria. Tukapaka chokaa. Pazia la nyuma tuliliacha, lilikuwa na mlima uliochorwa na theluji juu yake. Watu wa Mgeta walishuka na malori ya kabichi, wakageuzia mgongo Uluguru yenyewe inayoonekana mlangoni, wakapigwa picha mbele ya ule wa kuchora. Sikuwauliza. Mteja akitaka mlima wa kitambaa mpe mlima wa kitambaa, hakikisha tu haumwagi ubluu kwenye nywele zake.

Filimu tuliziweka kwenye friji la nyumbani kwa Bosi, karibu na maziwa. Joto la Morogoro mnalijua. Filimu ikilala dukani inageuka, vivuli vinaingia zambarau, na hakuna wa kumlaumu. Lakini ukiitoa kwenye baridi usiifungue papo hapo, itatoka jasho. Itoe asubuhi, iache ubaridi wake uishe, ndipo uivishe kamera. Mama yake Bosi alikuwa akilalamika kwamba maziwa yananuka filimu. Mimi nilinusa filimu zikanuka samaki.

Kusafisha kulifanyika Dar. Mkanda uliondoka na kondakta wa basi, ukarudi na kondakta mwingine, na katikati hapo kulikuwa na mashine yenye maoni yake. Mashine ile ilitaka kila picha iwe na rangi zote sawasawa. Ukipiga familia imevaa sare nyekundu tupu, yenyewe inaona wekundu umezidi, inapunguza, na watu wanatoka kijani. Bosi alikuwa na kadi ya kijivu, ameitunza kama cheti cha ndoa. Kila mkanda tulianza kwa kupiga kadi ile, ili fundi wa Dar aone kijivu halisi na arekebishe mashine. Fundi alifanya nini? Alitusafishia kadi kwa ukubwa wa posta, akaibana vizuri kwenye bahasha pamoja na zile za wateja. Bosi alizikusanya. Alikuwa na rundo la picha za kadi, kila moja na rangi yake.

Halafu weupe. Flashi zetu za kwanza zilikuwa na vioo vitupu, visivyochuja mwanga. Sabuni za unga zilipoingia, shela na mashati yaliyofuliwa kwa sabuni hizo yakawa yanawaka bluu kwenye picha, na yale ya sabuni ya mche yakatoka kama maziwa ya ng'ombe. Unapiga wasimamizi wa harusi wamevaa sare nyeupe moja, kwenye picha unajua nani anafulia nini. Bosi akafunga karatasi ya peremende, ile ya njano inayopitisha mwanga, mbele ya kioo cha flashi. Ikapunguza. Aliyegundua kwamba peremende za njano ndizo zinazofaa ni yeye, na aliyezila zote ni yeye.

Lakini kazi iliyonitoa jasho kweli ilikuwa ya nguo za mitumba. Kabla ya kisa chenyewe alikuja bwana harusi na suti ya kijani, ameitoa mnadani, nzuri kabisa. Picha zikarudi kutoka Dar suti ni ya kahawia. Bosi aliomba irudiwe, ikarudi kahawia. Ndipo akanikalisha akanieleza. Alisema kuna wekundu ambao jicho la binadamu halipokei, filimu inaupokea. Flashi inautoa kwa wingi. Na nguo nyingine, hasa hizi za viwandani za nailoni na tetroni, zinaurudisha wote kwenye kamera. Nguo unaiona kijani, filimu inaona kijani na ule wekundu mwingine, inachanganya.

Nikamuuliza, ni nguo zipi?

"Mimi sijui, Mama Fausta. Haijaandikwa."

Ndiyo elimu niliyopewa, na niliitumia mpaka nastaafu. Bwana harusi yule aliichukua picha. Alisema kahawia pia ni rangi.

Sasa niwaeleze habari za Veneranda. Tulikuwa tunaimba naye kwaya. Alikuwa mtu wa Singida, ameletwa hapa na mumewe aliyefanya kazi kiwandani, wakajenga Mafiga vyumba viwili na ukumbi. Mume akafa. Ndugu zake walikuja, isipokuwa kaka mkubwa, Sospeter, ambaye alikuwa njiani na ng'ombe wa biashara na habari ikampata watu wamekwisha kuzika. Kwao huyo ndiye mkubwa wa familia baada ya baba. Basi ilipofika arobaini, kabla Veneranda hajavua nguo za msiba, wakaamua wapige picha ya kumpelekea Sospeter, aone jinsi mdogo wake alivyoombolezewa.

Nilipiga mimi, wakati huo Bosi alikuwa amekwisha kunifundisha kamera. Veneranda alikaa katikati na watoto wake, wifi yake Agnesi, dada wa marehemu aliyebaki naye tangu mazishi, akakaa kulia. Agnesi alikuwa amejifunga kaniki ya pamba. Veneranda alivaa gauni jeusi la mitumba tulilomnunulia sisi wanakwaya, kwa sababu siku ya msiba kaniki hazikupatikana sokoni. Vyote viwili vyeusi. Niliviangalia mchana, niliviangalia chini ya taa, vyeusi. Bahasha iliporudi kutoka Dar Agnesi aliichukua imefungwa, akaipeleka moja kwa moja stendi kwa mtu anayekwenda Singida.

Sospeter alikuja mwenyewe, na picha mfukoni. Hakuanzia kaburini, alianzia kwa Veneranda. Alimwonyesha picha. Kaniki ya Agnesi nyeusi tii. Gauni la Veneranda lilikuwa rangi ya damu ya mzee, ule wekundu ulioiva mpaka unakaribia weusi, rangi ambayo wanawake wanavaa kwenye sherehe za kuaga mwari. Akamwambia alete gauni lile. Veneranda akaleta gauni lake jeusi. Akamwambia hilo siyo, nimesema lile la kwenye picha. Veneranda akasema ndilo. Basi Sospeter akapekua nyumba. Alifungua masanduku, akainua magodoro, akaangalia darini, anatafuta gauni ambalo halikuwahi kushonwa. Alipolikosa ndipo akawa na uhakika kwamba limefichwa, na nguo inayofichwa imenunuliwa na mwanaume.

Akatoa hukumu yake palepale: mwanamke aliyevaa sherehe kwenye msiba wa mdogo wangu hatakaa kwenye nyumba ya mdogo wangu, na watoto wanakwenda Singida. Akawaamuru watoto wafunge vitu vyao. Wakafunga. Alimwuliza Agnesi, wewe ulikuwepo, alivaa rangi gani? Agnesi alikuwa mwoga wa kaka yake tangu utoto. Alisema, "Kaka, mimi nilikuwa nalia, sikuangalia rangi."

Kesho yake Veneranda akamleta Sospeter studio. Mwenyewe alitembea nyuma yake hatua chache. Sospeter alikuwa mtu mrefu, amevaa suti nyeusi aliyokuja nayo ya kuendea kaburini. Akaweka picha mezani.

"Mama, hii amepiga nani?"

Nikasema mimi.

"Huyu alivaa nguo gani?"

"Nyeusi."

"Na hapa ni rangi gani?"

"Damu ya mzee."

"Basi kati yako na picha, mmoja mwongo."

"Picha," nikasema.

Akaniangalia kwa huruma. "Picha haina sababu ya kudanganya, mama. Haina rafiki, haiimbi kwaya."

Bosi alitoka nyuma akamweleza habari ya ule wekundu usioonekana, kwa utaratibu, kama alivyonieleza mimi. Sospeter alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema ameuza na kununua ng'ombe maisha yake yote, na hajawahi kupewa ng'ombe wa rangi asiyoiona. Kusema kweli, hata mimi kama ningekuwa yeye nisingekubali. Maneno yale yalikuwa ya kweli na yalisikika kama ya mtu anayetafuta pa kutokea.

Nikamwambia hivi: lichukue gauni wewe mwenyewe. Litoe nje kwenye jua, uliangalie mpaka uchoke. Usimpe mtu. Uingie nalo, ukae pale pale alipokaa yeye, uliweke magotini, Agnesi akae kando yako na kaniki yake. Nipige. Filimu ikirudi, gauni likiwa jeusi, Veneranda ana kosa. Likiwa damu ya mzee, hana.

Alikubali haraka kuliko nilivyopenda. Alikubali kwa sababu aliamini litatoka jeusi.

Bosi akanivuta pembeni akaniuliza kama nina akili. Ile filimu tuliyotumia siku ya arobaini ilikuwa imekwisha, mjini haipo. Iliyokuwepo ni ya kampuni nyingine, na kila kampuni filimu yake inapokea ule wekundu kwa kiasi chake, nyingine haipokei kabisa. Gauni lingeweza kutoka jeusi bila matata. Nikatoka nikamwita Veneranda mlangoni, nikamwambia ukweli, kwamba filimu si ile, na kwamba sijui. Nilimwambia anaweza kukataa.

"Nikikataa, watoto wanaondoka lini?" akaniuliza.

Nikasema, nadhani kesho.

"Piga."

Nikapiga. Sospeter alikaa wima kama anaapishwa, gauni jeusi limekunjwa magotini juu ya suruali, mikono juu yake asije akaibiwa. Agnesi kando, kaniki imefungwa mpaka kidevuni. Nilipiga mara kadhaa, nikawa nasogeza taa kidogo kidogo. Niliuondoa ule mlima wa theluji. Nilipotoa mkanda, Sospeter aliuomba, akaandika jina lake kwenye kopo kwa kalamu, akasindikiza kopo mpaka kwa kondakta, akamtazama kondakta usoni ili amjue siku nyingine.

Halafu tukangoja. Na mahali pa kungojea, kwa mgeni kutoka Singida ambaye hana mtu mwingine hapa mjini, ni nyumbani kwa shemeji yake. Hili sikulifikiria wakati natoa wazo langu. Veneranda akawa anampikia mtu aliyekuja kumfukuza. Alimpikia vizuri, kwa sababu hakujua kupika vibaya. Mizigo ya watoto ilikuwa imepangwa ukumbini, wanairuka kwenda kuoga. Sospeter alitembea na gauni ndani ya mkoba, kwenda dukani nalo, kwenda chooni nalo. Usiku aliuweka mkoba chini ya kichwa. Jirani mmoja alimwuliza Veneranda huyo mgeni wako anauza nini. Kaburini Sospeter alikwenda, na suti yake, akasimama muda mrefu. Veneranda aliniambia aliporudi hakula, na ndipo alipomwonea huruma kidogo, halafu akaacha.

Bahasha ilipofika nilimtuma mtu akawaite. Nilitamani kuifungua. Niliipeleka kwenye meza ya mbele, nikaiwekea kadi ya kijivu juu kama jiwe, nikaenda kufagia sehemu niliyokwisha kuifagia.

Walikuja wote watatu. Sospeter akafungua mwenyewe. Picha ya kwanza ilikuwa ya kadi, kubwa, safi. Akaigeuza huku na huku akauliza hii ni nini. Bosi akamwambia aiache. Akatoa ya pili.

Akaisogeza karibu na macho. Niliona Veneranda anaangalia uso wake badala ya kuangalia picha. Mimi nilizunguka meza nikaitazama. Agnesi na kaniki nyeusi. Sospeter, uso wake mwenyewe, rangi sawasawa kabisa, nilifurahi kwa hilo kikazi. Magotini gauni la damu ya mzee. Na chini ya gauni, kutoka kiunoni mpaka kwenye viatu, suruali ya damu ya mzee. Koti nalo. Alikuwa amekaa pale kama msimamizi wa harusi.

Suti yake ilikuwa ya mitumba. Hilo sikulijua, alivyokuwa ameinyoosha.

Agnesi ndiye wa kwanza kusema. Alisema sasa anakumbuka, siku ile wifi alivaa nyeusi.

Sospeter akatoka na picha mlangoni kwenye jua. Akaishika karibu na paja, akaangalia suruali, akaangalia picha. Akarudi ndani.

"Suruali hii nyeusi," akasema. "Mmeniona nayo wote. Nimekwenda nayo kwenye kaburi la mdogo wangu."

Tukasema ndiyo, tumekuona.

"Wazee nyumbani wananingoja nirudi na picha. Wameniambia nisirudi bila ushahidi. Nikiwapa hii wataniuliza nilikwenda kumlilia ndugu yangu na nguo gani."

Ndipo Veneranda akaitazama picha. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile anayoulizia bei ya nyanya:

"Waambie nyeusi, shemeji."

"Wakikataa?"

"Wakikataa waitafute hiyo suruali nyingine. Wainue magodoro."

Bosi akakumbuka ana kazi nyuma. Mimi nilibaki, hiyo ndiyo kazi yangu, kubaki. Sospeter alikaa kwenye kile kiti cha wateja, picha mkononi. Alikaa mpaka nikawasha jiko la chai. Kisha akafungua mkoba, akatoa gauni, akalikunja upya, vizuri, mikono ndani, kama linavyokunjwa dukani, akampa Veneranda kwa mikono miwili. Msamaha hakuomba. Sikumsikia hata akikohoa kuelekea huko. Aliuliza tu basi la kwenda Dodoma linaondoka saa ngapi.

Mnaotaka kujua somo la kikazi ni hili. Nguo ikiwa ya kiwandani na ya rangi nzito, na picha ni ya jambo kubwa, msiba au ndoa, mwambie mteja mapema, mbele ya mashahidi, kwamba inaweza kugeuka. Ukiweza, mpe na nyeusi na nyeupe moja ya kuweka. Kitambaa usikiamini kwa macho, wala kwa kukipapasa, mimi nimepapasa miaka yote na sijajua. Simu zenu hizo sijui zinapokea nini. Ninyi chunguzeni.

Jioni ile, walipofika nyumbani, Sospeter aliwaambia watoto wafungue mizigo yao. Walikuwa wameifunga kwa kamba za katani, na mafundo yalikuwa yake, ya kufungia ng'ombe, ikabidi akae chini azifungue yeye. Veneranda akapika. Baada ya kula Sospeter akasema, shemeji, kesho uniamshe mapema nisije nikakosa basi.

Akamwamsha. Basi liliondoka jua limepanda. Veneranda anasema alipomgongea mlango, majogoo wa Mafiga walikuwa bado wamelala.